Maradhi ya misuli: Tumsikilize mama kabla ya kumwita mtoto mvivu

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii twaitaja aghalabu tunapomwona mtu mzima aliyepatwa na ajali akapoteza kiungo. Ni nadra kuikumbuka tunapomwona mtoto wa miaka mitano ambaye mwaka jana alikuwa akikimbia na wenzake, na leo anaanguka njiani pasipo jiwe wala shimo. Kwa mtoto huyo huwa tuna maneno mengine tayari: mvivu, mzembe, mlegevu. Akizidi kudhoofika twasema ana polio. Akishindwa kabisa kusimama, hawakosekani watakaonong'ona kwamba wazazi wake walivunja mwiko.

Makala haya yanahusu maradhi ya kudhoofika kwa misuli, ambayo madaktari huyaita distrofia ya misuli. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, nadai kwamba katika maradhi haya kipimo cha kwanza si sindano wala mashine, bali ni maneno: ya mama anayeeleza, ya mwalimu anayeandika ripoti, na ya mhudumu wa afya anayeuliza. Maneno hayo yakiwa sahihi, mtoto hufika hospitalini mapema. Yakiwa ya ovyo, miaka hupotea, na misuli iliyokwisha kupotea hairudi.

Distrofia ya misuli si ugonjwa mmoja bali ni ukoo wa magonjwa. Mengine huanza utotoni, mengine ukubwani. Mengine huanzia usoni na mabegani, mengine nyongani na mapajani. Ulio mkali na unaojulikana zaidi miongoni mwa watoto ni ule unaobeba jina la Guillaume Duchenne, tabibu Mfaransa aliyeueleza kwa kina mwaka 1868. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, wala hauchagui kabila, dini au rangi. Kaunti ya Kilifi, ambayo Malindi imo ndani yake, ilikuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya mwaka 2019. Haielekei kwamba ugonjwa huu umewaruka watu wote hao.

Mkazi wa pwani ataelewa kiini cha ugonjwa kwa mfano wa mtepe, kile chombo cha kale ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi. Misuli nayo ina kamba yake, protini iitwayo distrofini, iliyotambuliwa na wanasayansi nchini Marekani mwaka 1987. Kazi yake ni kuushikilia utando wa kila uzi wa msuli usichanike msuli unapojikunja na kujikunjua. Mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne huzaliwa karibu bila kamba hiyo. Kila hatua anayopiga ni wimbi linalogonga chombo kisichoshonwa. Utotoni mwili hujitahidi kuziba nyufa. Miaka ikipita hushindwa, na mahali pa msuli hujaa mafuta na makovu.

Dalili zake ni zipi? Mtoto huchelewa kutembea, na baadhi huchelewa hata kusema. Huanguka mara kwa mara, hupanda ngazi kwa shida, hawezi kuruka kwa miguu miwili, na hutembea kwa ncha za vidole huku kiuno kikiyumba na tumbo limetokezwa mbele. Aketipo kwenye mkeka wa madrasa au sakafu ya darasa, mwangalieni anavyoinuka. Kwanza hugeuka akapiga magoti na kuinama kifudifudi, kisha hushika miundi, akashika magoti, akashika mapaja, mikono ikipanda hatua kwa hatua hadi asimame wima. Anajipanda mwenyewe kama akweaye mnazi. Tabibu Mwingereza William Gowers aliieleza ishara hii mwaka 1879, na mpaka leo jina lake limo katika vitabu vya udaktari. Lakini mama wa Gede au Ganze hahitaji kumjua Gowers. Akisema, "Mwanangu akitaka kuinuka hujipanda," amekwisha kutaja dalili kubwa kwa neno moja, mradi yupo wa kumsikiliza.

Kuna dalili nyingine ambayo hudanganya macho. Tafu za mtoto huyu, yaani mashavu ya miguu yake, mara nyingi huwa nene na ngumu. Mtazamaji huona miguu ya mchezaji wa mpira na kukata shauri kwamba mtoto ana nguvu ila hataki kuzitumia. Kumbe unene huo ni wa mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya msuli! Hapa ndipo neno "mvivu" linapozaliwa, na kwa mwalimu asiyejua, mvivu huadhibiwa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu tangu mwaka 2001, lakini ulimi nao ni kiboko.

Tuligeukie neno "polio". Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulilemaza watoto wengi, hata jina lake likawa kapu la kutilia kila mguu uliolegea. Sarufi ya Kiswahili yaweza kututenganishia magonjwa haya mawili. Polio hushika ghafla, mara nyingi pamoja na homa, hulegeza kiungo kwa siku chache, aghalabu upande mmoja kuliko mwingine, kisha husimama. Msemaji atasema: aliugua, akapooza, amebaki hivyo. Distrofia haina siku ya kuanza. Hushika pande zote mbili, tena huendelea. Msemaji atasema: alikuwa akikimbia, sasa anatembea kwa shida, anazidi kudhoofika. Kiambishi -me- hueleza jambo lililokwisha kutimia. -Na- na kitenzi "kuzidi" hueleza jambo lingali linaendelea. Mwalimu anayeandika "mtoto amepooza" amefunga jalada. Anayeandika "mwaka jana alipanda ngazi bila kushika ukuta, mwaka huu hawezi" amelifungua. Ulegevu wa ghafla nao usipuuzwe. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa polio ni ugonjwa wa kuripotiwa mara moja.

Huenda msomaji akauliza: kweli neno moja laweza kuamua mtoto aelekee njia gani? Kilifi yenyewe inatoa jibu. Tangu mwaka 1989 kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, kimekuwa kikifanya kazi katika hospitali ya Kilifi. Katika miaka ya 1990 watafiti waliochunguza malaria ya watoto waliona kwamba Wamijikenda wengi walitofautisha homa ya kawaida na kile walichokiita nyuni, yaani mitukutiko ya mwili inayodhaniwa kuletwa na pepo wa ndege. Homa ilipelekwa dukani au zahanati. Nyuni alipelekwa kwa mganga. Ugonjwa ulikuwa mmoja, majina mawili, na njia mbili. Wala tusiwacheke wazee wetu, kwani Kiswahili sanifu nacho husema "degedege", neno ambalo haliko mbali na ndege.

Upo msamiati mwingine mzito zaidi, nao ni chirwa. Miongoni mwa Wamijikenda neno hili hutajwa mtoto anapokonda na kunyauka, na sababu yake hudhaniwa kuwa ni wazazi kukiuka miiko ya ndoa. Watafiti waliozungumza na familia za watoto wenye ulemavu Kilifi katika miongo ya karibuni wamekuta mawazo ya namna hii yangali hai, pamoja na yale ya majini na ya majaliwa ya Mungu. Tatizo la neno chirwa ni kwamba halielezi ugonjwa tu; hutoa hukumu. Linapotamkwa, mama hajiulizi hospitali iko wapi. Hujiuliza atajificha wapi.

Na tusidhani kwamba wataalamu wamesalimika na kasoro ya majina. Neno distrofia lilitungwa karne ya 19 kutokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni lishe mbaya. Waliolitunga walifikiri misuli imekosa chakula. Leo twajua kwamba si hivyo: mtoto huyu hata akilishwa samaki na maziwa kila siku, kamba ya distrofini haitapatikana katika sahani. Kwa hiyo jina la kienyeji linamlaumu mzazi kwa mwenendo wake, na jina la kitaalamu, likifasiriwa neno kwa neno, litamlaumu kwa jungu lake. Ndiyo maana napendelea tuseme "maradhi ya kudhoofika kwa misuli", jina linaloeleza kinachotokea bila kumnyooshea mtu kidole.

Mtoto akishashukiwa, hatua zinazofuata zinaeleweka. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, ambacho humwagika kutoka kwenye misuli iliyochanika. Kwa mtoto mwenye Duchenne huweza kuwa mara kumi hadi mara mia ya kiwango cha kawaida. Hapa pana mtego: vimeng'enya vingine ambavyo madaktari hupima ili kuchunguza ini hutoka pia katika misuli. Mtoto aweza kutibiwa ini kwa miezi mingi ilhali ini lake ni zima. Kipimo kinachothibitisha ugonjwa ni cha jeni, nacho hakipatikani kila hospitali; kwa mtoto wa Malindi au Kilifi maana yake ni rufaa kwenda Mombasa au Nairobi. Hata katika nchi tajiri mambo hayaendi mbio: nchini Marekani iliwahi kuonekana kwamba kutoka dalili za kwanza hadi kutajwa kwa ugonjwa ilipita kama miaka miwili na nusu. Yetu itakuwa mingapi ikiwa tutaanza na mvivu, tupitie polio, tuishie chirwa?

Sasa tufike penye jambo nyeti. Jeni ya distrofini imo katika kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja tu, aliyoipata kwa mamake. Ni kama mama mwenye nakala mbili za kitabu kimoja, moja ikiwa na kurasa zilizong'oka. Yeye husoma ile nzima na aghalabu haugui. Lakini kila mtoto humpa nakala moja. Mvulana akiangukiwa na ile mbovu hana nyingine ya kusomea. Msichana akiipata, kwa kawaida huwa mbebaji kama mamake. Kila mimba ni bahati nasibu upya, nusu kwa nusu. Aidha, takriban theluthi moja ya wagonjwa hawakurithi kitu kwa mama. Kurasa ziling'oka kwao wenyewe kwa mara ya kwanza.

Hebu fikirini maelezo haya yakitolewa kwa pupa katika chumba cha daktari: "Ugonjwa huu umetoka kwa mama." Sentensi hiyo moja, iliyokusudiwa kuwa ya kisayansi, yaweza kusikika kama hukumu ya chirwa iliyopigwa muhuri wa serikali. Ndoa zaweza kuvunjika kwa sentensi kama hiyo. Kwa hakika kitenzi "kutoka" hapa ni cha hatari, afadhali "kupitia". Ugonjwa umepitia kwa mama kama ulivyoweza kupitia kwa bibi. Hakuna aliyeuchagua wala aliyeutenda. Mama huyo ana haki ya kuambiwa jambo la pili: yeye mwenyewe achunguzwe moyo, kwani baadhi ya wabebaji hudhoofika moyo wakiwa watu wazima.

Hapa lugha yetu ina hazina ambayo hatujaitumia. Fomu nyingi za hospitali huandikwa kwa Kiingereza, lugha inayotumia neno moja kwa kaka wa mama na kaka wa baba. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo: kaka wa mama ni mjomba, kaka wa baba ni ami, au baba mkubwa, au baba mdogo. Kwa ugonjwa unaopitia kwa mama, tofauti hiyo ndiyo yenyewe. Ami aliyelemaa hatuambii kitu kuhusu Duchenne ya mtoto huyu. Mjomba aliyeacha kutembea akiwa na miaka kumi, kisha akafa kijana, anatuambia mengi. Kadhalika watoto wa mama mdogo au mama mkubwa kwa jadi ni ndugu, si binamu. Na wavulana miongoni mwao ndio hasa wanaopaswa kuchunguzwa. Watoto wa shangazi wa upande wa baba ni binamu, nao hawahusiki. Leo vijana wengi huwaita wote binamu kwa kuiga Kiingereza, na mipaka hii inafutika. Swali la "Mjomba wake alikuwaje?" ni la maneno matatu, halina gharama, na lingepasa kuwa mdomoni mwa kila muuguzi.

Je, ugonjwa ukishatajwa, kuna faida gani ikiwa hauna dawa ya kuuponya? Swali hili huulizwa sana, na jibu lake ni kwamba kutopona si kukosa matibabu. Zamani wavulana hawa waliacha kutembea kabla ya kufikisha miaka 13, na wengi walifariki kabla au karibu na miaka 20. Palipo na matunzo mazuri, wengi sasa hufika miaka ya thelathini. Tofauti hiyo haikuletwa na muujiza bali na mambo madogo yaliyoshikiliwa kwa muda mrefu. Dawa za steroidi kama prednisoloni huongeza miaka ya kutembea. Lakini hudhoofisha mifupa na kunenepesha, na si za kukatizwa ghafla, hivyo zinahitaji daktari anayefuatilia. Mzazi hufundishwa kunyoosha ukano wa kisigino kila siku usikazane, na mtoto huvaa vishikizo vya miguu usiku. Mazoezi mepesi hufaa, na kuogelea ni miongoni mwa yaliyo bora, ikiwa yupo mtu mzima wa kumshika. Watu wa pwani yetu hawana udhuru wa kukosa maji. Kubeba mizigo na kushurutishwa kukimbia humdhuru. Moyo, ambao nao ni msuli, hupimwa kila mwaka, na dawa za kuulinda huanzishwa kabla haujachoka, kufikia miaka kumi hivi. Kifua hutazamwa, chanjo hutolewa. Na mtoto akihitaji upasuaji wowote, hata wa jino, daktari wa nusukaputi aambiwe mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za usingizi zaweza kumuua.

Lipo pia la kutahadharisha. Juni 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni kwa ugonjwa huu, na bei yake ikatangazwa kuwa dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2025 wagonjwa kadhaa walikufa baada ya ini kushindwa kufanya kazi, na maonyo makali yakatolewa. Sayansi inasonga mbele, lakini haijafika mwisho wa safari. Kwa hiyo yeyote atakayekuja Malindi au Mariakani akiahidi kuponya maradhi haya kwa chupa tatu za dawa, asiuziwe shamba la minazi.

Maneno yaliyobaki ni yenu, walimu na wanafunzi. Mwalimu wa gredi ya kwanza humwona mtoto akiinuka sakafuni mara nyingi kwa siku kuliko daktari atakavyomwona kwa mwaka. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, uliowahusisha zaidi ya watoto 10,000 wa Kilifi wenye miaka 6 hadi 9, ulianza kwa maswali kumi tu waliyoulizwa wazazi, kisha waliotiliwa shaka wakapimwa. Matatizo ya viungo yaligunduliwa kwa takriban watoto 5 katika kila 1,000. Hiyo ni shule chache tu za msingi zikiwekwa pamoja. Ikiwa maswali kumi yanatosha kuanzia, mwalimu hashindwi kuuliza matatu: Je, huanguka kuliko wenzake? Huinukaje? Mwaka jana aliweza nini ambacho mwaka huu hawezi? Majibu yaandikwe kwa tarehe, na mzazi apewe karatasi hiyo aende nayo hospitalini. Vipo pia vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanza kufunguliwa nchini mwaka 1984, ambavyo walimu wengi huvisahau.

Mtoto akishajulikana, shule haina haja ya kungoja mfadhili. Darasa lake liwe la chini, dawati lake liwe karibu na mlango, asitumwe maji kisimani, asisimame mstarini jua likiwa utosini. Choo cha kuchuchumaa ni mtego kwake; kiti cha mbao chenye tundu fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Kiti cha magurudumu kikihitajika, kisichukuliwe kuwa mwisho wa masomo. Baadhi ya watoto hawa huona ugumu katika kusoma, lakini akili yao haififii kadiri misuli inavyofifia. Anayeacha shule kwa sababu ya miguu amenyimwa kile ambacho ugonjwa haukumnyang'anya.

Nanyi wanafunzi, tazameni lugha yenu. Kiwete, kipofu, kiziwi: majina haya yamewekwa katika umbo la kisu na kiti. Hata hivyo sarufi yenyewe imekataa kumgeuza mtu kitu, kwani twasema "kiwete amefika", si "kimefika". Umbo linamshusha, upatanisho unamwinua. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni jambo la kutia moyo kwamba sheria kuu ya nchi imeona umuhimu wa jinsi mtu anavyoitwa. Basi mwenzenu akiachwa nyuma njiani kuelekea shuleni, msimwite kwa jina la kejeli. Mbebeeni mkoba wake, mwendeni mwendo wake, na mkifika mwambieni mwalimu mliyoyaona.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Maradhi haya hayafichwi na mwenye nayo; huyafichua kila anapoinuka. Sisi ndio tunaoyafunika kwa majina.